Maisha ya Bi Nukta, Aliyedai Kitabu Chake kwa Maandishi

Dada tunayemzika asubuhi hii ya Jumanne, tarehe 31 Januari 2023, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa posta. Baba yake alikuwa mgonga mihuri wa barua, na mama yake alishona mashuka ya hospitali. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mdogo wake wa kiume, fundi makochi, ambaye ndiye aliyeandika maelezo haya. Yeye alizaliwa miaka kumi na mmoja baadaye, wazazi wakiwa wameshakata tamaa na nepi wameshazigawa. Kwa hiyo marehemu alikuwa mtoto wa pekee kwa muda mrefu, akazoea kucheza mwenyewe. Mama alikuwa akisimulia kwamba alikaa chini ya cherehani akipanga vipande vya uzi sakafuni, mstari chini ya mstari, na ukimuuliza anafanya nini alijibu, "Naandika." Wakati huo hakuwa akijua hata herufi moja.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza mwaka 1971. Jina la Bi Nukta, ambalo wengi wenu mlimjua nalo, alilipata akiwa darasa la sita. Mwalimu mkuu alibandika tangazo refu mlangoni kwake kuhusu usafi. Mapumziko yalipokwisha tangazo lilikutwa na alama za wino.

"Nani amechafua tangazo langu?" mwalimu mkuu aliuliza mbele ya shule nzima.

Marehemu alisimama. "Sijalichafua, mwalimu. Nimeweka nukta. Lilikuwa haliishi."

Alifagia varanda ya ofisi wiki nzima. Lakini tangazo halikubanduliwa, na lilikaa mlangoni pale na nukta zake mpaka likageuka rangi. Aliendelea na sekondari mwaka 1972 hadi 1975, kisha akasoma chuo cha ualimu miaka miwili. Mdogo wake aliishia darasa la saba mwaka 1983, mwaka ambao baba alifariki, akapelekwa kujifunza ufundi. Marehemu hakumfanya ajisikie mdogo kwa sababu hiyo. Alimwambia, "Wewe unajua kiti kikiwa kimelegea. Mimi sentensi. Tofauti ni kwamba chako mtu akikikalia, ataanguka."

Alifundisha tangu 1978 hadi 1984. Kisha akaajiriwa katika kiwanda cha kuchapa vitabu kama msahihishaji, yaani mtu anayesoma kila ukurasa kabla haujaingia mashineni ili kuondoa makosa. Kazi hiyo aliipenda mno. Huko ndiko alikokutana na shemeji yetu, mpiga chapa wa mashine kubwa, mtu mnene aliyekuwa na wino kwenye kucha hata siku ya harusi. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986. Shemeji alizoea kusema kwamba alimpata mke kwa kuharibu kazi, maana kila alipokosea ukurasa, marehemu alishuka ngazi mwenyewe kumgombeza, basi akawa anakosea makusudi. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi kwa utani mwingi na kelele chache. Shemeji alifariki kwa maradhi ya kifua tarehe 2 Mei 2001, na tangu hapo marehemu hakuhama vile vyumba viwili vya juu ya duka la mabati, wala hakuhamisha kiti cha mumewe kutoka upande wa pili wa meza.

Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa tangu 1996. Kuanzia hapo marehemu alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Ni vizuri kueleza kazi hiyo, kwa sababu majirani wengi walidhani hana kazi. Aliandika vitabu vya kusoma vya darasa la tatu, maelezo ya dawa za mifugo, hotuba za watu walioogopa kuhutubia, na historia za maisha za wazee ambazo zilitoka zikiwa na majina ya wazee wenyewe. Aliandika hata wasifu wa marehemu wengi, watu aliokuwa hajawahi kuwaona. Ukipanda ngazi zile asubuhi ungemkuta mezani, dirisha limefungwa kwa sababu ya kelele za mabati yakikatwa, chai imepoa, yeye amejitanda kitenge mabegani. Ungerudi jioni ungemkuta vilevile. Hakuwa na bosi wala wa kula naye mchana wala wa kumwambia kwaheri saa ya kutoka ikifika. Aliwahi kumwambia mdogo wake, "Mtu wa kazi yangu hana hata wa kumsengenya."

Alichokuwa nacho ni simu. Angepiga kule karakana ya makochi wakati wowote.

"Uko na mteja?"

"Hapana, dada."

"Weka nyundo chini. Sikiliza hii." Kisha angesoma sentensi moja, polepole. "Unaionaje?"

"Nzuri, dada."

"Nzuri vipi?"

"Imesimama."

"Haya, endelea na kazi."

Ilikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mdogo wake hakuelewa nusu ya alichosomewa, na aliona haya kusema. Siku hizi anafikiri kwamba dada yake hakuwa akitafuta maoni.

Mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kufiwa, alianza kuandika kitabu chake mwenyewe. Kilimchukua miaka sita, kati ya kazi za watu. Kiliitwa Funguo za Wenyewe, kurasa 312, habari za mwanamke anayelinda nyumba ya watu waliosafiri na ambao hawarudi. Kila wiki anapangusa vumbi kwenye vitu visivyo vyake. Tarehe 9 Juni 2009 kampuni moja ya uchapishaji iliukubali mswada huo na kumwita kusaini mkataba. Alivaa gauni la bluu. Alipewa mkataba wa kurasa saba, akausoma wote palepale bila kuharakisha, akaona makosa mawili ya chapa, akayarekebisha kwa kalamu yake. Mkurugenzi alicheka akasema hajawahi kuona mwandishi wa namna hiyo. Marehemu alisaini. Aliacha pale mswada wenyewe, uliopigwa taipu, nakala ya pekee iliyokuwa na masahihisho yake yote ya mwisho, na akarudi nyumbani kwa miguu kwa furaha.

Kitabu hakikutoka. Mwaka wa kwanza aliambiwa karatasi ni ghali. Mwaka wa pili mhariri wake aliacha kazi. Baada ya hapo aliambiwa kipo kwenye foleni. Alianza kwenda mwenyewe kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, akikaa kwenye benchi la mapokezi na mkoba magotini. Binti wa mapokezi alibadilishwa mara mbili, na wote watatu walimpenda. Walimpa maji. Walimweleza shida zao za kwao. Mmoja alimwambia, "Mama, wewe ni kama mfanyakazi wetu," na marehemu alikuja kumsimulia mdogo wake maneno hayo kama habari njema.

Hakuweza kukipeleka kwingine. Mchapishaji wa pili alikitaka mwaka 2014, lakini alidai barua ya kuachiliwa kutoka kwa yule wa kwanza, na yule wa kwanza alisema, "Tukuachie vipi na sisi tunakitaka?" Tena kifungu cha tisa cha mkataba kilimkataza kumpa mtu mwingine riwaya yoyote mpya kabla ile ya kwanza haijatoka. Kwa hiyo hakuandika nyingine. Mdogo wake alimuuliza siku moja kwa nini hawapigii kelele. Alijibu kwamba wao ni watu wa heshima, na mtu wa heshima huendewa kwa miguu yake. Kuwaandikia barua aliona ni kama kuwashtaki.

Mambo yalikwenda hivyo karibu miaka kumi na miwili. Watu waliojua walipungua. Hata yeye mwenyewe aliacha kukitaja kitabu kwa jina, alikiita "kile kitu."

Mwishoni mwa 2021 mteja mmoja, mchora katuni, alimwambia kwamba chama cha waandishi kina mzee anayesaidia watu wenye matatizo ya mikataba, kila Jumatano mchana, katika chumba kilicho juu ya maktaba. Marehemu alikataa kwenda. Alisema yeye amesoma mikataba ya watu kiwandani miaka kumi na miwili, ataonekanaje akienda kusomewa wake. Mdogo wake, ambaye si msemaji, alifunga karakana Jumatano ya tarehe 12 Januari 2022, akaenda kumngoja chini ya ngazi. Marehemu alishuka baada ya nusu saa na bahasha mkononi, akasema, "Basi tangulia."

Juu ya maktaba palikuwa na benchi, na kwenye benchi watu watano, kila mmoja na bahasha yake. Mshairi, mwandishi wa vitabu vya mapishi, mwalimu mmoja aliyeandika hesabu za darasa la nne. Mama wa mapishi alimsogelea.

"Wewe wachapishaji wako wamekukalia muda gani?"

"Miaka kumi na miwili," marehemu alisema kwa sauti ndogo.

"Loo. Wangu minne, nikajiona malkia wa mateso. Kaa karibu na mimi, bibie, nipunguze makali."

Wote walicheka, na yeye akacheka. Baadaye njiani alimwambia mdogo wake jambo ambalo hakulisahau. Alisema, "Nyumba tatu tu kutoka maktaba ndipo ninaponunua mkate. Miaka yote hii nimepita chini ya dirisha lile nikidhani ni mimi peke yangu."

Mzee wa mikataba ni karani mstaafu wa mahakama. Watu wa chama wanamwita Mzee Kifungu, na yupo hapa leo. Alivaa miwani yake, akausoma mkataba mpaka mwisho, akarudi ukurasa wa tano.

"Haya masahihisho ya kalamu ni ya nani?"

"Yangu."

"Moja lipo ndani ya kifungu cha kumi na nne. Kwa hiyo ulikisoma."

"Nilikisoma."

"Kinasema nini?"

Marehemu aliinama kuutazama mkataba. Mzee akamsomea. Kifungu kilisema kwamba kitabu kisipochapishwa ndani ya miezi thelathini na sita, mwandishi anaweza kukidai kwa maandishi, na mchapishaji asipokichapisha ndani ya miezi kumi na miwili tangu kupokea dai hilo, haki zote na mswada vinarudi kwa mwandishi.

"Umekwenda kwao mara ngapi?"

"Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi."

"Uliwaandikia?"

"Kuandika nini?"

"Barua, dada yangu. Kikaratasi. Chochote."

"Hapana."

"Hata mstari mmoja?"

"Hata mmoja."

Mzee Kifungu alivua miwani. Hakumcheka. Alisema, "Mkataba huu hauijui miguu yako. Zile Jumatatu zote, kwake hazipo. Kama ungeandika mistari mitatu Juni ya 2012, kitabu kingekuwa kwako mwaka uliofuata."

Mdogo wake alikuwa ameketi nyuma. Aliona shingo ya dada yake ikishuka. Huyu ni mtu aliyepata riziki kwa kuandika, aliyewaandikia mawaziri na wauza dawa za kuku, na barua moja ya kwake mwenyewe hakuiandika. Aliusoma mkataba kama alivyosoma kurasa zote za kiwandani, akitafuta makosa ya chapa, na makosa ya chapa aliyapata.

Alichukua wiki tatu kuandika hiyo barua. Alirudi nayo tarehe 2 Februari, kurasa nne. Mzee aliisoma, akamwita mshairi aje asikilize, naye mshairi akatokwa na machozi.

"Ni nzuri mno," mzee alisema. "Ndiyo tatizo. Mtu akiisoma hii atakusifu, kisha ataiweka kando. Nipe mistari sita. Umesaini lini, kifungu gani, unadai nini, mpaka lini. Na usimwombe."

"Hata tafadhali nisiweke?"

"Tafadhali weka moja. Ya mwisho."

Barua iligongwa muhuri wa kupokelewa Jumanne, tarehe 8 Februari 2022. Binti wa mapokezi aligonga huku akisema, "Mama, leo si Jumatatu." Kuanzia siku hiyo miezi kumi na miwili ilianza kuhesabiwa.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wake mzuri kuliko yote tangu afiwe. Kila Jumatano alikwenda juu ya maktaba, akakaa kwenye benchi na wageni kabla hawajaingia kwa mzee. Aliwauliza swali moja tu: "Uliandika?" Kama hawakuandika, aliwatolea karatasi mkobani. Mliosimama pale upande wa ukuta mnajua, maana wengi wenu alikaa nanyi. Familia haikuwajua mpaka juzi, na inawashukuru. Tulidhani hana watu.

Agosti 2022 miguu yake ilianza kuvimba. Hospitali ilisema ni figo, na ugonjwa umekwenda mbali. Alianza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, kwenye wodi yenye viti vinane. Mdogo wake alimpeleka na kumrudisha, lakini ndani hawakuruhusu mtu kukaa muda wote. Aliporudi kumchukua alimkuta anatazama dari. Marehemu alisema kwamba kule ndani kila mtu ana mashine yake, na mashine haina mazungumzo.

Jumatano tarehe 16 Novemba, ukiwa umebaki muda usiofika miezi mitatu, mhariri wa kampuni alikuja wodini. Ni kijana mpole, na hatumsemi vibaya. Alileta jalada. Lilikuwa limechapwa kwa rangi, nyumba yenye madirisha yaliyofungwa, na juu yake jina la marehemu kwa herufi nyekundu. Katika maisha yake yote aliandika zaidi ya vitabu arobaini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuliona jina lake kwenye jalada. Alilishika kwa mkono usio na mrija.

Pamoja na jalada kulikuwa na karatasi ya kusaini. Ilisema mwandishi anaondoa dai lake, na kampuni itachapisha kitabu ndani ya miezi kumi na minane hali ikiruhusu, na haki zitabaki kwa kampuni siku zote.

"Hali ya nani?" marehemu aliuliza.

"Ni lugha tu ya kisheria, mama."

"Najua ni lugha. Nauliza hali ya nani."

Kijana aliona haya, akasema ataiacha karatasi asome taratibu.

Mzee Kifungu alipigiwa simu. Alisema, "Mimi naweza kukwambia karatasi inasema nini. Siku zako zitumikeje, hilo siwezi kukwambia." Marehemu alimgeukia mdogo wake. Na mdogo wake, aliyekuwa anaona jinsi anavyolishika lile jalada, alisema, "Saini tu, dada. Angalau ukione."

"Nikione kikiwa cha nani?"

Marehemu hakumkasirikia. Ila kwa safari tatu zilizofuata, kwenda na kurudi, alizungumza naye habari za mvua na za bei ya sponji tu, na hakumsomea sentensi yoyote. Mdogo wake anaandika haya kwa sababu marehemu hakupenda wasifu unaoficha. Siku ile alimwacha dada yake peke yake, naye akiwa amekaa pembeni yake.

Safari ya nne marehemu alisema mwenyewe, gari likiwa kwenye taa. "Ungesema nini kingine? Umenisikiliza miaka ishirini, hujawahi kuniambia hapana hata mara moja." Kisha akasema, "Mimi sisaini. Nikisaini nitakufa nimekaa kwenye lile benchi lao."

Tarehe 5 Januari 2023 alilazwa. Kwa mkono wake aliandika karatasi ya mistari sita, Mzee Kifungu na muuguzi wakawa mashahidi, kwamba akifa haki za maandishi yake zote na lile dai vitakuwa mikononi mwa mdogo wake. Mdogo wake alimwambia, "Dada, mimi ni wa darasa la saba." Alimjibu, "Kifungu chenyewe ni cha darasa la sita. Lete hapa." Akamfanya asome kifungu cha kumi na nne kwa sauti kila alipokuja, kidole chini ya maneno, mpaka akakijua bila kutazama. Mama wa kitanda cha jirani aliuliza, "Huyu kaka yako anasali sala gani hiyo kila siku?"

"Ni mdogo wangu. Anasali mkataba."

"Inajibiwa?"

"Tarehe nane."

Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 27 Januari 2023, kati ya saa nane na saa tisa mchana, umri wake ukiwa miaka sitini na minne na miezi kumi. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imekwisha. Mdogo wake alikuwa ameondoka saa nane kamili, akiwa na kochi la mteja la kumalizia. Hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwa karibu. Muuguzi anasema marehemu aliuliza leo ni tarehe ngapi, akaambiwa ishirini na saba, akasema, "Bado kumi na mbili," akageukia ukutani kama mtu anayetaka kulala.

Juzi Jumapili watu wa kampuni walikuja msibani na shada, na tunawashukuru. Mkurugenzi alimwita mdogo wa marehemu kando, pale kwenye matangi ya maji. Alisema maneno mazuri kuhusu Bi Nukta na masahihisho yake. Kisha akatoa bahasha.

"Ndugu yangu, tunataka kumuenzi. Ukitusainia hapa, kabla ya mwisho wa mwezi wa pili kitabu kinatoka. Na picha yake nyuma."

Mdogo wa marehemu aliishika bahasha. Anakiri kwamba alifikiria ile picha. Anakiri pia kwamba mbele ya watu waliovaa suti hutafuta maneno asiyapate, na siku ile hakuyapata vilevile, mpaka yalipokuja yale aliyosomeshwa kitandani.

"Mimi sijui kuzungumza, mzee," alisema. "Niandikieni. Nitawajibu baada ya tarehe nane."

"Lakini ndugu, hizi ni siku chache tu."

"Ndiyo. Kumi tu."

Akamrudishia bahasha, akaenda kuendelea kupanga viti. Kwa hiyo familia inatamka hapa mbele ya kaburi, ili asiwepo mtu wa kusema hakusikia, kwamba dai la marehemu la tarehe 8 Februari 2022 halijaondolewa, na hakuna ndugu aliyesaini karatasi yoyote. Jumatano ijayo, tarehe nane, saa tatu asubuhi mdogo wake atakwenda kuuchukua mswada. Mama wa mapishi na mshairi wamesema watafuatana naye. Hakuwaomba.

Marehemu ameacha mdogo mmoja, wifi mmoja, watoto wa mdogo wake watatu waliomwita shangazi, na watu wa benchi la Jumatano, ambao idadi yao hatukuipata. Ameacha pia riwaya moja ya kurasa 312 ambayo mdogo wake hajawahi kuisoma yote. Amesomewa sentensi zake moja moja, bila kupangwa, na hajui inavyoanza.

Dada, lala kwa amani. Wewe kusubiri kumekuishia. Kwetu zimebaki siku nane.